Usikioshe hicho chungu: mchanga unavyotunza miaka

Watu wananitumia sana picha WhatsApp. Mtu anachimba msingi wa nyumba au shimo la choo, anakutana na vigae vya vyungu vya zamani vyenye michoro ya pembetatu za kukwaruza, anaviosha vizuri kwa maji ya bomba mpaka vinang'aa, anavianika juu ya gunia, anapiga picha alafu ananiuliza, kaka, hivi vina miaka mingapi? Swali ni zuri sana na ninafurahi kwamba watu wanauliza. Kinachoniuma ni yale maji ya kuoshea, manake kwenye ule udongo uliomwagika uani kulikuwa na sehemu ya jibu lenyewe.

Kwaiyo leo naandika kwa kirefu kuhusu njia moja ya kupima umri wa vyungu na udongo ambayo huku kwetu haizungumzwi kabisa, watu wengi wanaijua kaboni 14 tu. Inaitwa luminesensi. Ukiielewa hii utaelewa kwa nini mimi nalilia udongo kuliko hata hicho kigae.

Tuanze na kaboni 14 yenyewe maana kila mtu anaitaja. Ni njia nzuri, siipondi, lakini inahitaji kitu kilichowahi kuwa hai, mkaa, mbegu, mfupa, ganda la kome, na ikifika kwenye miaka 50,000 hivi inaishiwa nguvu. Alafu angalia inapima nini: inapima lini ule mti ulikufa, haipimi lini mtu alifinyanga chungu. Mtu wa zamani anaweza kuwa alichukua nguzo kuukuu ya nyumba ya babu yake akawasha nayo moto, mkaa ule ukiupima unakupa umri wa nguzo, na hata kwenye mti mmoja mnene, mbao ya katikati iliacha kukua mamia ya miaka kabla ya mbao ya pembeni. Unaunganisha mkaa na chungu kwa sababu tu vilikutwa pamoja. Luminesensi inakiuliza chungu chenyewe.

Inafanyaje? Udongo wowote ule, hata huo uliopo chini ya kiti ulichokalia, una kiasi kidogo sana cha uraniamu, thoriamu na potasiamu, vitu vya asili kabisa, na vinatoa mionzi polepole bila kukoma mwaka hadi mwaka. Juu yake kuna mionzi mingine inashuka kutoka angani. Sasa ndani ya udongo huohuo kuna chembe za mchanga, nyingi ni madini ya kwatsi, ule mchanga mweupe unaong'aa ufukweni, na nyingine ni felspa. Mionzi ikipita ndani ya chembe inang'oa elektroni kutoka sehemu zake, na baadhi ya hizo elektroni zinakwama kwenye kasoro za fuwele, mahali ambapo chembe haikujipanga sawasawa ilipoumbwa. Zinakaa humo. Miaka elfu moja, elfu kumi, laki moja, zimekaa tu na kila mwaka zinaongezeka. Mpaka chembe ipate moto mkali au mwanga wa jua, hapo zinachomoka zote, zinarudi zilikotoka, na zikirudi zinatoa mwanga hafifu mno ambao jicho haliuoni lakini mashine inauhesabu.

Ni kama kibubu. Ukijua mtu alikuwa anatumbukiza shilingi 500 kila siku bila kukosa, ukakivunja ukakuta 182,500, huna haja ya kumuuliza alianza lini, ni mwaka mmoja. Na ukishakivunja kimekwisha, huwezi kukivunja tena, chembe nayo ikishasomwa imerudi sifuri.

Hesabu yenyewe ndo hiyo tu, haina uchawi: dozi yote, yaani kiasi cha mionzi, iliyojikusanya ndani ya chembe, gawanya kwa dozi ya mwaka mmoja. Dozi inapimwa kwa kipimo kinaitwa Gray. Tuseme mfano tu, kigae kimekutwa na Gray 3.6, na pale kilipolala kilikuwa kinapokea sehemu 3 za elfu za Gray moja, yaani Gray 0.003, kwa mwaka. Gawanya unapata miaka 1,200. Shika hapo, kuna namba mbili, ya juu inatoka ndani ya kigae, ya chini sehemu yake inatoka kwenye udongo uliokizunguka. Tutarudi kwenye hiyo ya chini.

Sasa kwa nini chungu kinafaa sana? Kwa sababu kilichomwa. Ule udongo wa kufinyangia, chembe zake zilikuwa zimeshakusanya mionzi mamilioni ya miaka huko zilikokuwa, lakini ukiupeleka kwenye moto wa digrii 500 hivi, vyote vinatoka, vinaanza upya. Nenda kule Ikombe na Matema, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mama zetu wa Kikisi bado wanafinyanga vyungu kwa mkono na wanavichoma nje, vimepangwa chini, kuni na nyasi juu, bila tanuru lolote. Moto wa namna hiyo wa nje kwa kawaida unapita digrii 600 bila shida. Inatosha kabisa. Maana yake siku ile mama anatoa chungu kwenye majivu ndo siku saa ya chungu ilipoanza kuhesabu, na hakuna njia nyingine ninayoijua inayokamata tukio la mkono wa binadamu kwa ukaribu hivyo, haipimi mti wala mfupa, inapima siku ya moto. Ndo maana inafanya kazi pia kwenye mafiga, kwenye matofali, na hata kwenye ile mirija ya udongo ya kupulizia moto kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma kama ya kule Kagera.

Mwanga wenyewe watu waliuona zamani sana. Mwaka 1663 huko Uingereza Robert Boyle aliichukua almasi akaingia nayo kitandani, akaibana kwenye mwili wake gizani, akaona inatoa mwanga kwa lile joto la mwili tu. Kutoka hapo mpaka mtu kufikiria kwamba mwanga huo unaweza kuhesabu miaka ilichukua karibu karne 3. Farrington Daniels na wenzake kule Wisconsin, Marekani, ndo walileta wazo hilo mwaka 1953, na miaka ya 1960 Martin Aitken na wenzake pale Oxford wakaligeuza kuwa kazi ya maabara kweli kweli, unasaga kigae kidogo, unakipasha moto, unahesabu mwanga.

Na kazi ya kwanza iliyoifanya njia hii iogopwe ilikuwa kukamata feki. Kuna mahali Uturuki panaitwa Hacilar, kijiji cha kale sana, miaka ya 1960 soko la vitu vya kale Ulaya na Marekani likajaa vyungu na visanamu vya akina mama vinavyosemwa vimetoka huko, makumbusho makubwa yakanunua kwa pesa ndefu. Oxford wakavipima, matokeo yakatoka 1971, vingi kati ya walivyopima vilikuwa vimetengenezwa juzi tu. Kitu cha miaka 7,000 kinatakiwa kutoa mwanga mwingi, hivi vilikuwa karibu kimya. Mtaalam wa sanaa anaweza kudanganywa na umbo na rangi, lakini mtu wa kufoji atapata wapi miaka 7,000 ya mionzi?

Lakini hapohapo ndo kuna kitu kinanikera mpaka leo. Cheti cha luminesensi kikawa kama stika ya ubora sokoni. Sanamu za udongo za Nok kutoka Nigeria, sanamu za Jenne kutoka Mali, zimefukuliwa usiku na watu wenye majembe, zimesafirishwa kwa magendo, alafu zinapelekwa maabara huko Ulaya zinatobolewa tundu dogo kwenye msingi, zinapata karatasi inayosema ni halisi, na bei inapanda. Karatasi ile inasema kweli kuhusu umri na haisemi lolote kuhusu aliyefukua, aliyeiba na kijiji kilichobaki na mashimo. Na kisayansi pia ni hasara tupu, manake sanamu imeachana na udongo wake, hiyo namba ya chini ya hesabu imebaki Mali ndani ya shimo. Kinachobaki ni makadirio, ya kutosha kusema ni ya kale au ni ya juzi, basi. Mimi nasema maabara inayopima kitu ambacho hakina maelezo ya kilikotoka inashiriki kwenye ule wizi, hata kama vifaa vyao ni safi namna gani.

Haya tuingie kwenye udongo sasa, hapa ndo penyewe.

Watu walijiuliza, kama moto unafuta, jua je? Ann Wintle na David Huntley walishaonyesha mwaka 1979 kwamba hata tope la chini ya bahari linaweza kupimwa, kwa sababu chembe zake ziliona jua kabla hazijazama. Mwaka 1985 Huntley na wenzake wawili huko Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakaacha kupasha moto kabisa, wakamulika chembe kwa leza ya kijani na zikajibu. Hapo mlango ukafunguka, manake sasa huhitaji chungu, huhitaji mkaa, huhitaji chochote kilichochomwa, unahitaji mchanga uliopigwa na jua alafu ukafukiwa. Na mchanga uliofukiwa upo kila mahali. Siku hizi kwatsi inamulikwa kwa mwanga wa bluu, felspa kwa infraredi. Kwatsi ikipigwa na jua kali la mchana inajifuta ndani ya sekunde au dakika chache tu, felspa inachukua muda zaidi.

Kwaiyo kinachopimwa ni mara ya mwisho ile chembe kuona jua. Na hiyo inakuambia mara moja kwa nini kuchukua sampuli ni kazi ya watu wenye subira, ukiifunua tu kwa jua umefuta kila kitu.

Nikueleze inavyofanyika shimoni maana nimeshashiriki na ni kazi naipenda mno. Shimo limeshachimbwa, kuta zake zimenyooka, tabaka zinaonekana kama mistari, nyeusi ya majivu, nyekundu, kijivu, nyekundu tena. Mnachagua tabaka, mnakwangua uso wa ukuta sentimita kadhaa kuondoa mchanga ulioona jua tangu mchimbe. Alafu unachukua bomba la chuma, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, upande mmoja umeziba kwa nailoni nyeusi iliyokunjwa ili mchanga usicheze ukiingia, unaliweka dhidi ya ukuta na unaligonga kwa nyundo taratibu, tii, tii, tii, mpaka liingie lote na mchanga ulioko ndani ubanane vizuri, kwa sababu ukicheza ule wa mwanzoni ulioona mwanga unachanganyika na wa ndani. Ukiwa unagonga unasikia sauti inabadilika, ikigonga jiwe unajua, unatoa unahamia pembeni. Kisha mnafunika turubai zito juu ya shimo, au mnasubiri usiku, mnalichomoa, mnaziba mdomo haraka, foili, nailoni nyeusi, tepu juu ya tepu, mnaandika namba na mshale unaoonyesha upande wa ndani. Kukiwa na mawe mengi bomba haliingii, hapo inabidi kukata bonge la udongo usiku mkiwa na taa nyekundu hafifu, mnalifunga vilevile.

Na kwenye lile tundu lililobaki ukutani haujamaliza. Unaingiza kifaa cha kupimia mionzi ya gama, kinakaa humo kwa muda kinahesabu, alafu unachukua udongo wa kuzunguka ukaupime unyevu. Watu wasiojua wanaona kama hiki ni kiambatanisho, kumbe ndo ile namba ya chini.

Sampuli inasafiri. Watu wanauliza sana kuhusu mashine za eksirei za uwanja wa ndege, zile zinaongeza dozi ndogo mno, kwa mchanga wa maelfu ya miaka haina athari ya maana, hatari kubwa zaidi ni afisa kutaka kufungua aone ndani kuna nini, ndo maana unabandika maandishi makubwa ya kuomba lisifunguliwe na barua juu.

Maabara ni chumba cha giza chenye taa nyekundu au ya chungwa hafifu sana. Ncha mbili za bomba zinatupwa pembeni kwa kazi nyingine, ya katikati ndo inafanyiwa kazi. Asidi ya haidrokloriki inaondoa chokaa, haidrojeni peroksaidi inaondoa mabaki ya mimea, chekecheo zinachagua saizi moja, kwa kawaida chembe za kama sehemu ya tano ya milimita, kisha kimiminika kizito kinachotenganisha kwatsi na felspa kwa uzito wake, na mwisho asidi ya haidrofloriki, ile kali kupita zote, inakula felspa iliyobaki na ngozi ya nje ya kwatsi. Kinachobaki ni mchanga mweupe safi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na kilo ulizobeba. Unanyunyizwa kwenye visahani vya karibu sentimita moja, unaingia kwenye mashine, na mashine inafanya kitu ninachokiona ni cha akili sana: inasoma mwanga wa chembe, alafu inaipiga chembe hiyohiyo dozi inayojulikana kutoka kwenye chanzo chake cha mionzi, inasoma tena, inapiga nyingine, inasoma, mpaka inajua chembe hii inajibu vipi kwa kila dozi, inalinganisha na ule mwanga wa kwanza. Utaratibu huu uliwekwa sawa na Andrew Murray na Ann Wintle mwaka 2000, na ndo ulioifanya njia hii iaminike duniani kote.

Imetupa nini sisi? Twende maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mto unapoporomoka zaidi ya mita 200 kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba pale juu ya maporomoko miaka ya 1950 na 1960 akakuta mbao za kale zilizohifadhiwa na maji, kitu adimu mno kwa sababu mbao huoza, lakini hakukuwa na namna ya kujua umri wake kwa uhakika, zilikuwa nje kabisa ya uwezo wa kaboni. Larry Barham na timu yake wakarudi 2019, wakakuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine kwa pembe, limechongwa pengo makusudi ili likae. Geoff Duller wa Aberystwyth, Wales, akapima mchanga uliozunguka, sampuli 16, akitumia felspa kwa zile tabaka za zamani sana ambazo kwatsi ilikuwa imeshajaa haiwezi tena kuhesabu. Jibu likatoka kwenye jarida la Nature Septemba 2023: si chini ya miaka 476,000, kosa la 23,000 huku au huku. Mtu wa kabla yetu sisi, kabla ya binadamu wa leo hajatokea, alikaa ukingoni mwa mto ule akachonga mbao mbili zishikane. Nilisoma ile makala nikashindwa kulala. Na ukumbuke haikupimwa mbao, kilichopimwa ni mchanga uliozifunika.

Alafu pwani, Panga ya Saidi, Kilifi, Kenya. Pango lile watu wa Mijikenda wanaliheshimu na wanaendelea kwenda kufanya ibada zao pale, na chini ya sakafu yake kuna tabaka za makumi elfu ya miaka zimepangana. Karibu mita 3 chini walikuta mifupa imelainika mno haiwezi kuguswa, ikabidi wamwage plasta kuzunguka bonge zima, likapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha Burgos, Hispania, wakalifungua huko kwenye maabara polepole. Alikuwa mtoto wa miaka 2 na nusu au 3, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, kichwa kimelala kana kwamba kilikuwa juu ya kitu kama mto kilichooza, mwili umeviringishwa vizuri. Wakamwita Mtoto. Umri wa kaburi, miaka 78,000 hivi, ulitoka kwa luminesensi ya mchanga. Ni mazishi ya kale kuliko yote ya binadamu kama sisi yanayojulikana Afrika mpaka sasa. Kaboni isingefika huko. Kama wale wachimbaji wangeufagia mchanga ule na kuutupa wakabaki na mifupa, tungekuwa na Mtoto asiye na umri, na habari yote ya watu wa pwani hii kumzika mtoto wao kwa upole namna ile ingekuwa kitu cha kubishania tu.

Njia hii inaweza kukosea pia na lazima niliseme hilo. Jinmium, kaskazini mwa Australia, mwaka 1996 watafiti walitangaza dalili za watu wa miaka 116,000, dunia nzima ikashtuka. Walikuwa wamepima mafungu ya chembe nyingi kwa pamoja kwa njia ya kupasha moto. Miaka miwili baadaye Bert Roberts na wenzake wakapima chembe mojamoja kwa mwanga, wakakuta tabaka zile hazifiki hata miaka 10,000. Tatizo lilikuwa vipande vya mwamba vilivyomeguka na kuoza palepale chini, chembe zake hazikuwahi kuona jua kabla ya kufukiwa, zikaingia kwenye hesabu na umri wake wa zamani zikavuta jibu juu. Tangu hapo kupima chembe mojamoja kumekuwa kitu cha lazima mahali penye mashaka, kuna visahani vyenye vitundu 100 vidogo, kila kitundu chembe moja.

Kwetu sisi kuna mdudu wa kumwangalia, mchwa. Umeona kichuguu, ule udongo wote umetolewa chini umeletwa juu chembe kwa chembe, na mwingine wa juu unadondokea kwenye mashimo yao. Ukipima fungu zima hapo unapata wastani wa vitu visivyohusiana. Ukipima mojamoja unaona kabisa makundi mawili au matatu ya umri. Na kwenye Bonde la Ufa kuna jambo lingine, felspa ya volkano inavujisha elektroni zake hata ikiwa gizani, Ann Wintle aligundua hilo mwaka 1973, usipoirekebisha umri unatoka mdogo kuliko ukweli.

Turudi kwenye namba ya chini sasa, na kwenye vigae vyenu. Kigae kinapigwa na mionzi ya udongo wake chenyewe, ndio, lakini ile ya gama inatoka mpaka sentimita 30 kuzunguka pale kilipolala, na inaweza kufika theluthi ya dozi yote. Kama hapo kulikuwa na matumbawe, ambayo hayana mionzi mingi, au udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao unayo zaidi, jibu linabadilika. Na maji yanameza mionzi. Udongo uliolowa masika yote kwa miaka 1,000 haukutoa dozi sawa na mkavu, ukidhani ulikuwa mkavu kumbe ulikuwa na unyevu wa asilimia 10, umri unautoa mdogo kwa karibu asilimia 10 hivyohivyo. Kuanika kigae juani si kesi kubwa, maabara inakwangua milimita 2 za nje kabla ya kuanza. Kesi ni kwamba hakuna anayejua tena kilitoka wapi hasa, kina gani, kwenye udongo gani.

Na kwa vyungu vyetu hili lina uzito wa kipekee. Kilwa, Shanga, Gedi, kule kujua umri mara nyingi tunasaidiwa na bakuli za Kichina na vyombo vya Uajemi vilivyokutwa pamoja na vya kwetu, yaani chungu cha mama wa Kiswahili kinasubiri bakuli la mgeni limpe mwaka. Ukienda bara kidogo, Rufiji juu, Handeni, Kisarawe ndani, bakuli za wageni zinakuwa chache au hazipo kabisa, lakini vigae vya pembetatu vipo, vile vya kati ya karne ya 6 na ya 10, na vya aina ya vyungu inayoitwa Kwale, vya zamani zaidi, vipo. Huko ndo luminesensi ina kazi ya kufanya. Sitaki kukudanganya, kigae kimoja cha miaka 1,200 kinakuja na kosa la miaka 60 hadi 120 huku na huku, hakikuambii ni mwaka gani. Vigae 10 vya tabaka moja, na udongo wake, hiyo ni habari tofauti kabisa.

Kwaiyo ukikutana navyo, simamisha jembe, viache palepale, piga picha ukiweka kitu cha kuonyesha ukubwa, chukua lokesheni kwenye simu, wapigie Idara ya Malikale au makumbusho iliyo karibu. Kama umeshavitoa, usivioshe. Udongo uliobaki ndani ya chungu na ule uliogandia kwenye kigae uache humohumo. Nenda pale kilipotoka, chukua mfuko wa nailoni, chota udongo wa pembeni yake kama kilo moja hivi, funga kwa kubana ili unyevu usitoke, andika kina na tarehe. Huu hauhitaji giza, unapimwa mionzi na unyevu tu, unaweza kuuchota saa sita mchana.